Mafunzo ya ikolojia ya likizo ya Juni: kwa nini yanaishia ziwani na hayafiki darasani?

#1 MwalimuKando (Kigoma Mjini)
Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule moja ya kata hapa Kigoma Ujiji, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kazini. Juni 2024 nilichaguliwa kuhudhuria mafunzo ya siku kumi ya sayansi na ikolojia kwa walimu, yaliyofanyika kando ya Ziwa Tanganyika shule zikiwa zimefungwa. Sitawataja waandaaji, maana sikuja kumshitaki mtu. Yalikuwa mafunzo mazuri kuliko yote niliyowahi kuhudhuria. Tulipima uangavu wa maji kwa sahani ya Secchi (sahani ya nyeusi na nyeupe inayoshushwa majini mpaka isionekane), tukageuza mawe ya kijito kuhesabu wadudu waliojibanza chini yake, tukalaza fremu ya mita moja ya mraba kwenye nyasi na kuandika kila mmea uliomo, tukapima joto la maji ya kina kwa chupa ambayo kizibo chake huvutwa kwa kamba ikishafika chini.

Nilirudi na cheti, fulana na daftari lililojaa. Jana nililifungua lile daftari nikahesabu: tangu nirudi nimewatoa wanafunzi nje ya darasa mara mbili tu, na mara ya pili tuligeuzwa getini kwa sababu alikuja mgeni wa ghafla kutoka halmashauri. Nimewauliza wenzangu sita tuliokuwa pamoja, na ni mmoja tu aliyenizidi. Kwa nini? Naomba tusiishie kwenye "serikali haijali" wala "walimu ni wavivu", kwani yote mawili nimeyasikia na hayajanisaidia kitu.

#2 Mtaaluma_Ujiji
Mleta uzi, jibu unalo mwenyewe, ila hutaki kulitamka: ni mtihani. Mimi ndiye ninayepanga ratiba shuleni kwangu. Kipindi ni dakika 40. Ukitoa dakika za kuwapanga wanafunzi, kuwavusha barabara, kuwashusha ziwani na kuwarudisha wakiwa na matope miguuni, zinabaki dakika tano za kufundisha, na mwalimu wa kipindi kinachofuata amesimama mlangoni akinitazama mimi. Mkuu wa shule anaulizwa amepata daraja la kwanza ngapi, wala hajawahi kuulizwa wanafunzi wake wamegeuza mawe mangapi. Mitaala ya kujenga umahiri tunayo tangu 2005, lakini kinachopima umahiri huo bado ni karatasi na kalamu, na mwalimu mwenye akili hufundisha kile kitakachopimwa.

#3 Bi Chaki (Kasulu)
Ninakubaliana na #2 nusu. Mimi nilipata mafunzo ya namna hiyo mwaka mwingine, sehemu nyingine, na mtihani sikuuogopa kabisa. Kilichonishinda ni idadi. Mkondo wangu mmoja wa Kidato cha Pili ulikuwa na wanafunzi 104. Kwenye mafunzo tulikuwa walimu 24, tumegawanywa vikundi vya watu wanne, kila kikundi na fremu yake, lenzi yake na mwezeshaji anayepita akichungulia. Shuleni nilitengeneza fremu nne za mabanzi. Hesabu yenu iko wazi: wanafunzi 26 wameizunguka mita moja ya mraba. Wa mbele waliona nyasi, wa katikati waliona migongo ya wa mbele, na wa nyuma walikwenda kununua mihogo ya kukaanga. Hakuna hata siku moja kati ya zile kumi tuliyofundishwa namna ya kufanya jambo lile na watu mia.

#4 Dada_wa_Sikonge (Tabora)
Hamjambo watu wa ziwani. Sisi wa Tabora hatuna ziwa la kutolea macho, lakini tuna miombo, na sababu yangu mimi ni nyingine kabisa: mafunzo hufanyika majira yasiyo yake.

Nilihudhuria mwezi wa Juni, kwenye hifadhi ya msitu isiyo mbali na barabara ya kwenda Sikonge. Nyasi zimekauka, sehemu nyingine moto umeshapita, wadudu hawaonekani, uyoga hakuna. Tulitumia siku mbili kuhesabu mashina yaliyoungua. Sasa njoo msitu huohuo mwishoni mwa Septemba, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua: mitundu na miyombo inachipua majani mapya mekundu kama shaba, nyuki wamechangamka, warina asali wanakagua mizinga yao, na mtoto yeyote atakuuliza mti umepata wapi maji ya kuchipua wakati ardhi imepasuka. Swali hilo ni somo zima la ikolojia, maana utazungumzia mizizi inayokwenda chini sana, maji yaliyowekwa akiba ndani ya shina, na majani yanayotaka kukomaa mapema kabla kundi kubwa la viwavi halijaja. Uyoga nao huja na mvua, na hapo unafundisha jinsi nyuzi zake zinavyoshirikiana na mizizi ya mitundu hiyohiyo. Yote hayo hutokea shule zikiwa wazi na mwalimu akiwa hana ruhusa ya kutoka. Juni tunafundishwa msitu uliolala, kisha tunaambiwa tukawafundishe watoto msitu ulio macho.

#5 Mzee_wa_Mwanga
Vijana wangu, nimestaafu lakini uzi huu umeniamsha. Dada wa Sikonge amegusa jambo ambalo asili yake ni ng'ambo. Utaratibu wa kuwakusanya walimu wa sayansi wakati wa likizo ndefu uliletwa na Wamarekani, nao waliuanzisha baada ya Warusi kurusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957, kwa hofu ya kuachwa nyuma. Kwao Juni na Julai ni majira ya joto: mimea imestawi, wadudu wamejaa, siku ni ndefu, na shule zimefungwa miezi miwili na zaidi. Walimu wengi wa huko mkataba wao ni wa miezi tisa au kumi kwa mwaka, hivyo wakiitwa kwenye mafunzo yenye malipo kidogo wanashukuru. Sisi tumeuchukua mwezi wao wa Juni bila kuyachukua majira yao. Ni kama mtu aliyeazima mwavuli wa jirani siku jirani alipokuwa ananyeshewa, akaja kuufungua kwake wakati wa jua.

#6 Kitabu_Wazi
Shikamoo Mzee. Nina marekebisho kidogo. Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ulianza kugharamia mafunzo ya majira ya joto ya walimu mwaka 1953, miaka minne kabla ya Sputnik. Sputnik iliongeza fedha, na ndipo mafunzo hayo yakaenea nchi nzima.

Tena si lazima twende Marekani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Arizona kiliendesha hapahapa Kigoma mafunzo yaliyoitwa Mradi wa Nyanza, yakipokelewa na kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania), ambapo wanafunzi wa vyuo wa Kimarekani na wa Kiafrika, na walimu wa sekondari pia, walikaa kwa majuma wakichunguza ziwa.

#7 Mnyamwezi_Halisi (Tabora)
Mradi wa Nyanza utakuwa Mwanza, ndugu yangu. Jina lenyewe linasema.

#8 Kitabu_Wazi
Nyanza ni maji makubwa popote yalipo, mkuu. Mradi ulikuwa Kigoma.

#9 Mzee_wa_Mwanga
Marahaba Kitabu Wazi. Mwaka 1953 nimeupokea. Mwavuli wangu lakini siuondoi.

#10 Mvuvi_Msomi (Kibirizi)
Naomba nimuulize mleta uzi kwa heshima zote. Unasema mlikuwa ziwani Juni 2024. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka huo. Mlihesabu samaki gani?

#11 MwalimuKando
Nilijua utafika. Ratiba ya siku ya nne iliandikwa "kurekodi samaki wanaoshushwa mwaloni". Tulifika alfajiri na madaftari, tukakuta vipe (vyombo vya uvuvi) vimefungwa, nyavu zimeanikwa, na mzee mmoja ameketi juu ya ndoo akishona. Mwezeshaji wetu alisimama kimya kidogo, kisha akatuambia turekodi idadi ya vyombo vilivyoegeshwa. Ninayo takwimu hiyo mpaka leo na sijui niipeleke wapi.

#12 Mvuvi_Msomi (Kibirizi)
Mngemwachia yule mzee awafundishe, mngerudi na kitu. Nami nitaeleza kwa kirefu, kwa kuwa Dada wa Sikonge amesema la msituni na la ziwani linafanana nalo.

Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa kusini huvuma bila kuchoka. Huyasukuma maji ya juu, yenye joto, kuja huku kwetu kaskazini, na kule kusini, upande wa Zambia, maji ya chini yenye ubaridi na virutubisho hupata nafasi ya kupanda. Septemba upepo unapolegea, maji yaliyorundikana huku hurudi, ziwa zima likayumba polepole kama maji ya beseni kichwani mwa mtu aliyesimama ghafla. Ndipo virutubisho vinapotusogelea na sisi. Mnamo Oktoba kuna siku maji ya Kigoma hubadilika rangi yakawa ya kijani, viumbe vidogo vya majini vikazaliana, dagaa wakavifuata, na migebuka wakawafuata dagaa. Kwa hiyo mtu anayekuja Juni hukuta maji safi kama kioo na kuandika kwamba ziwa ni angavu. Hajadanganya. Ameona chumba kabla wenyewe hawajaingia.

Jambo la pili ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa balbu za betri, na taa hufanya kazi wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, wengi wetu tunapumzika. Mwalimu asiye na boti wala sahani ya Secchi anaweza kumpa kila mwanafunzi kazi ya kuandika bei ya sado ya dagaa sokoni kila asubuhi kwa siku 30 na kuchora umbo la mwezi pembeni. Grafu itapanda na kushuka mbele ya macho yao. Haihitaji kibali cha mtu.

#13 Bi Chaki (Kasulu)
Mvuvi Msomi, hili la sado na mwezi nimelichukua kama lilivyo. Wanafunzi 104 wote watapata kazi, na hakuna atakayeona mgongo wa mwenzake.

#14 Kahawa_ya_Kalinzi
Nawashukuru wote, lakini naona mmeruka tatizo ambalo mimi hukutana nalo kila siku, yaani lugha. Watoto wa huku milimani wanajua mimea kuliko mimi. Mpe mtoto wa Kidato cha Kwanza jani lolote, atakutajia jina lake kwa Kiha, atakwambia mbuzi wanalila au hawalili, na bibi yake hulitumia kwa ugonjwa gani. Sasa mwambie aeleze kwa Kiingereza uhusiano wa mmea huo na viumbe wengine. Ananyamaza. Mafunzo niliyohudhuria yaliendeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza, majina ya mimea yakatolewa kwa Kilatini, na hakuna aliyetuuliza kwa Kiha inaitwaje. Nikirudi darasani natakiwa kuvuka lugha tatu ndani ya dakika 40 za #2. Wavuvi nao ni hivyohivyo. Kitabu kinasema dagaa, basi, ilhali mwaloni wanatofautisha dagaa na lumbu, na kisayansi hao kweli ni samaki wa aina mbili. Mtoto wa mvuvi anaingia darasani na maarifa mengi, kisha tunayapunguza ili yaenee kwenye kitabu.

#15 Mnyamwezi_Halisi (Tabora)
Mnazunguka mbuyu. Mafunzo ya likizo ni posho. Mwalimu anakwenda kwa sababu kuna nauli, malazi na chochote kidogo mfukoni, na posho ikiisha ikolojia nayo imeisha. Semeni ukweli mbele ya Mungu.

#16 Bi Chaki (Kasulu)
Mnyamwezi, mimi nilijilipia nauli kwenda, na ya kurudi nililipwa baada ya miezi minne na kumbushio tatu. Ukiona mwalimu anaikubali posho usidhani ndiyo aliyoifuata. Hata wewe nyuki hukuchoma ukienda kurina asali, lakini sijasikia mtu akisema ulifuata kuchomwa.

#17 Mnyamwezi_Halisi (Tabora)
Hapo umenichoma wewe. Naondoa neno "ukweli", posho ibaki.

#18 Mhifadhi_Mstaafu
Nimefanya kazi za uhifadhi mkoa huu miaka mingi, na katika uzi wote sijaona mtu akitaja woga. Mwalimu anayewapeleka watoto 50 kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani, anabeba dhamana kubwa. Kuna mamba sehemu za midomo ya mito, kuna kichocho kwenye fukwe zenye majani, na kuna watoto wasiojua kuogelea ambao hawatakwambia mpaka maji yafike shingoni. Mtoto akiteleza kwenye mwamba, hakuna atakayeuliza kama mwalimu alikuwa na cheti cha mafunzo. Wakuu wa shule wengi niliowafahamu walikuwa tayari kutoa kibali cha mdomo, lakini barua yenye muhuri hawakuitoa.

Hata hivyo, kuna namna nyingine. Wengi hudhani ikolojia ni lazima uende mbali na vifaa. Marehemu Jane Goodall, mtafiti wa sokwemtu, alipofika Gombe Julai 1960 alikuwa na darubini ya mkononi, daftari na subira. Ilimchukua miezi kadhaa ya kuketi mlimani kabla hajamwona sokwemtu akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu na kulitoa likiwa na mchwa. Kichuguu kipo katika kila uwanja wa shule mkoani Kigoma. Mfanyeni mtoto aketi mbele yake nusu saa.

#19 Kitabu_Wazi
Mzee Mhifadhi, shikamoo. Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina, mita 1,470. La kwanza ni Baikal la Urusi. Na la kushangaza ni kwamba sehemu kubwa ya kina hicho haina samaki hata mmoja, kwa sababu chini ya mita 100 hadi 200 hivi, kutegemea mahali, maji hayana oksijeni. Zile aina zaidi ya 200 za samaki waitwao sikilidi tunazojivunia zinaishi kwenye ukanda mwembamba wa juu na wa kando.

#20 Mhifadhi_Mstaafu
Marahaba. Nimelisema hilo la kwanza kwa wageni kwa miaka 20, na walikuwa wakipiga makofi.

#21 Dada_wa_Sikonge (Tabora)
Mwalimu Kando, huku tuna mabwawa na malambo. Hiyo sahani ya Secchi inauzwa wapi, au hutengenezwaje?

#22 MwalimuKando
Usinunue, Dada. Chukua mfuniko wa ndoo ya rangi ya lita 20. Gawanya uso wake mara nne kwa kalamu na rula, paka robo mbili zinazotazamana rangi nyeusi na mbili nyeupe, acha zikauke kabisa, la sivyo nyeusi itatambaa. Toboa katikati kwa msumari wa moto, pitisha kamba, kisha funga jiwe la uzito wa kilo moja chini ya mfuniko, usisahau fundo la juu ili sahani isipande na kushuka kwenye kamba. Piga fundo kila nusu mita, na kwenye kila mita funga uzi mwekundu, kwa sababu mikono ikilowa hesabu hupotea. Shusha upande wenye kivuli, hesabu mafundo mpaka sahani ipotee machoni, kisha ivute mpaka ionekane tena, chukua wastani wa hizo mbili. Wangu wa kwanza ulielea. Niliweka kokoto badala ya jiwe, na wanafunzi wakacheka mpaka kipindi kikaisha.

#23 Mtaaluma_Ujiji
Naongeza jambo ambalo hata sisi tusiopenda kutoka nje tulilishuhudia. Kuna shule jirani ambayo mwalimu wake alirudi kutoka mafunzo na kuweka alama kwenye jiwe la ufukweni ili wanafunzi wafuatilie kina cha maji. Lilikuwa wazo jema sana. Kisha kuanzia mwaka 2020 ziwa likapanda, likameza fukwe, nyumba na miti, na lile jiwe likazama na alama yake. Mradi wa mwalimu ukafa kwa sababu kitu ulichokuwa unakipima kilitokea kupita kiasi.

#24 Mvuvi_Msomi (Kibirizi)
Mtaaluma, hapo ndipo mngeendelea! Wengine walisema ni mvua kubwa za msimu wa 2019 na 2020, wengine wakasema ni Mto Lukuga kule Kalemie, ambao ndio mlango pekee wa maji kutoka ziwani, kwamba umejaa mchanga na hautoi maji kama zamani. Mimi nilikuwa upande wa mvua, shemeji yangu upande wa Lukuga, na mpaka leo tukikutana msibani tunabishana. Wanafunzi wangewekwa pande mbili wakatafuta takwimu za mvua.

#25 Kitabu_Wazi
Na ubishi huo unafanana na ule wa samaki. Utafiti uliochapishwa 2003 ulihusisha kupungua kwa chakula cha samaki na kuongezeka kwa joto la maji, kwa kuwa maji ya juu yakiwa moto zaidi hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye virutubisho. Upande wa pili wanasema vyombo vimekuwa vingi na macho ya nyavu madogo. Mwalimu anaweza kufundisha kwamba wanasayansi wenyewe hawajamaliza, ila nani atasahihisha jibu hilo kwenye mtihani?

#26 Niliyewezesha
Nimesoma kuanzia mwanzo nikasita kuandika. Nimewahi kuwa mwezeshaji wa mafunzo kama haya, si yale ya mleta uzi, na nitasema ninachokijua.

Siku ya mwisho tunagawa fomu ya tathmini. Mwalimu ameshiba, ana cheti mkononi, gari linamsubiri, naye anaweka alama ya "vizuri sana" kila mahali. Fomu hiyo ndiyo tunayoituma kwa mfadhili. Mfadhili anauliza wamefundishwa walimu wangapi, wanawake wangapi, kutoka kata ngapi. Safu ya kuandika wanafunzi wangapi waliguswa hujazwa kwa kuzidisha: walimu 30 mara wanafunzi 200. Sikuwahi kwenda kuangalia, na bajeti ya kwenda haikuwahi kuwepo. Nilipoomba fedha ya kuwatembelea walimu watatu tu mwezi wa Oktoba, nilijibiwa kwamba mwaka wa fedha wa mradi unafungwa Septemba. Kwa hiyo Bi Chaki akiuliza kwa nini hatukumfundisha kushughulika na wanafunzi 104, jibu ni kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kusimama mbele yao.

#27 Mtaaluma_Ujiji
Mwezeshaji, ahsante kwa uungwana. Lakini hata ungemtembelea mwalimu Oktoba, ungemkuta anaandaa wanafunzi kwa mitihani. Kidato cha Pili na cha Nne huanza mitihani yao karibu na muda huo, na ndio wakati ambao Mvuvi anasema ziwa linageuka rangi. Bado ninasema ni mtihani.

#28 Kahawa_ya_Kalinzi
Na mimi bado ninasema ni lugha.

#29 Dada_wa_Sikonge (Tabora)
Kidato cha Kwanza na cha Tatu hawana mtihani wa taifa, Mtaaluma. Mbona hao huwataji?

Pia tuna MEWAKA (Mafunzo Endelevu kwa Walimu Kazini) sasa, walimu tunakutana shuleni na kwenye vituo vya walimu. Kama mafunzo ya siku kumi za Juni yangekatwa vipande, siku tatu likizoni na nyingine zilizobaki zikasambazwa Septemba, Novemba na Februari kwenye vikao hivyohivyo, tungeuona msitu ukilala, ukiamka na ukinywa.

#30 Mnyamwezi_Halisi (Tabora)
Vikao vya MEWAKA havina posho, Dada. Wazo lako litakosa akidi.

#31 Bi Chaki (Kasulu)
Mnyamwezi, nyuki wanakuja.

#32 MwalimuKando
Nimerudi baada ya miezi mitatu, samahani kwa ukimya. Niliogopa swali la Dada wa Sikonge katika #29, kwa sababu lilinihusu mimi kuliko Mtaaluma. Wiki hii niliwatoa Kidato cha Kwanza. Wako 92. Nusu walibaki na mwalimu wa Jiografia wakichora grafu ya sado na mwezi, ambayo wamekuwa wakiijaza tangu Agosti, na nusu nilikwenda nao kwenye miamba upande wa Bangwe, mahali ambapo maji yana kina cha mita tano hivi tokea ukingoni. Barua yenye muhuri nilipewa, baada ya kuandika kwamba hakuna atakayeingia majini na kuambatanisha majina ya wazazi waliokubali.

Kiangazi sahani hufika chini pale bado unaiona. Safari hii ilipotea kwenye fundo la saba. Binti aliyeshika kamba alisema la saba, mwenzake aliyekuwa akihesabu kwa sauti akashikilia ni la nane, tukarudia mara tatu na hawakuafikiana, nikawaambia waandike yote mawili. Maji yalikuwa ya kijani kweli, Mvuvi, kama maji yaliyochemshiwa mboga. Nilipouliza kwa nini, mmoja alisema ni upepo umegeuka, mwingine akasema ni matope ya Mto Luiche, ilhali mvua bado haijashika, na wa tatu akasema ni sabuni za wanaofua. Nilikaribia kuwapa jibu lako la beseni, nikajizuia. Wanataka kupima mbali zaidi na ukingo ili waone kama huko nako sahani inapotea kwenye fundo lilelile, nami sina boti.

#33 Mvuvi_Msomi (Kibirizi)
Mbalamwezi inaanza wiki ijayo, tutakuwa tumepumzika. Jumamosi njoo na kamba na mfuniko wako, asubuhi kabla upepo haujaanza. Majaketi ya kuokolea ninayo manne, kwa hiyo ni wewe na watoto watatu, na aliyesema fundo la nane awemo.